Septiki au shimo moja refu, Nkuhungu?
Mkuu nimekupata, unauliza ujenge septiki (tangi la chini la kutuliza maji taka) au shimo moja tu hapo Nkuhungu, Dodoma; nyumba ya watu sita, bomba la maji taka halijafika mtaani kwenu na fundi anakwambia chimba shimo moja refu yaishe. Usikubali kirahisi. Nkuhungu mvua zikikolea maji yanatuama, kwa hiyo kwanza chimba kashimo ka futi mbili, jaza maji, yakiisha jaza tena, kama asubuhi bado yamo ujue sokawei (shimo la kunywesha maji taka ardhini) itakutesa. Mi ningejenga septiki ya chemba mbili, plasta safi ndani isivuje, ile ti (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ya kutolea maji ishuke chini ya utando wa uchafu unaoelea juu, halafu yaende kwenye mtaro mrefu wa kokoto usio na kina. Udongo ukigoma kabisa muite injinia wa maji aje aone. Kisima kiwe mbali na mfumo huu, mita 30 au zaidi. Acha na njia ya gari la kunyonya, wengi wanasahau hii wanakuja kubomoa ukuta! Shimo la zamani asiingie mtu kusafisha, gesi yake inaua.