Maswali na Majibu: Akina O'Brien wa Ayalandi

Nimeoa katika ukoo wa O'Brien. Wakwe wananiambia wao ni damu ya mfalme. Kweli?

Huenda. Mfalme mwenyewe ni Brian Boru, wa kabila la Dál gCais lililokaa kando ya mto Shannon, upande wa Clare ya leo. Mwaka 1002 alitambuliwa mfalme mkuu wa Ayalandi yote. Aliuawa Ijumaa Kuu, 23 Aprili 1014, siku ya vita vya Clontarf karibu na Dublin. Jeshi lake lilishinda, lakini yeye, mzee wa miaka mingi, masimulizi yanasema alivamiwa hemani. Wazao wake wakajiita Ó Briain, yaani wa uzao wa Brian. Ila kuna akina Ó Braoin, wa upande wa Athlone, ambao baadhi yao waliishia kuandikwa O'Brien, nao hawahusiani na Brian kabisa. Kwa hiyo kabla ya kumwamkia mkwe kifalme, muulize kwao ni wapi. Akijibu Clare au Limerick, dai lake lina uzito zaidi.

Ufalme wao uliishia wapi?

Mwaka 1543 Murrough O'Brien aliukabidhi kwa Henry VIII wa Uingereza, akarudishiwa ardhi na kupewa cheo cha Kiingereza. Kuna waliomwona msaliti. Mimi naona aliokoa mashamba.

Mbona babu yetu aliandikwa "Brien" tu?

Chini ya utawala wa Waingereza familia nyingi ziliacha Ó na Mac ("mwana wa") za mwanzo wa jina. Mwishoni mwa karne ya 19, mwamko wa utamaduni wa Kiayalandi uliposhika kasi, wengi waliirudisha. Ndiyo maana baba anaweza kuwa Brien na mwanawe O'Brien.

Na wanawake?

Kwa Kiayalandi binti ni Ní Bhriain na mke ni Uí Bhriain. Sisi wenye bin na binti hatushangai.

Nianzie wapi kutafuta?

Sensa za 1901 na 1911, zinasomwa bure mtandaoni. Za nyuma zaidi karibu zote zimepotea: nyingine serikali yenyewe iliziharibu, nyingine ziliungua Dublin Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika kwenye jengo la Four Courts, zilikotunzwa kumbukumbu za serikali. Kabla ya hapo, tegemea vitabu vya ubatizo vya parokia, na orodha ya Griffith ya walioshika ardhi, ya 1847 hadi 1864. Lakini jua kwanza jina la parokia, maana akina O'Brien ni wengi mno.