Msimpe cheti kiongozi peke yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii lina sehemu mbili: je, kuna haja ya kuwatunuku watu na jumuiya za dini zinazoihudumia jamii, na kama ipo, watunukiwe vipi? Sehemu ya kwanza ndiyo inayowagawanya watu, hasa wacha Mungu, kwa hiyo naanza nayo.

Wapo wanaosema hakuna haja. Tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mkristo atakukumbusha Mathayo sura ya 6, kwamba utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mwislamu naye anayo hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyetoa kwa siri hivyo hivyo. Sina ubishi na maneno hayo, ila yanamhusu mtoaji. Aliyepewa hakuzibwa mdomo. Mtume huyo huyo (S.A.W.) amepokewa akisema kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Na Paulo, anapofunga waraka wake kwa Warumi, anamwaga majina: Fibi aliyewasaidia wengi, Priska na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, pamoja na kanisa lililokutana nyumbani mwao, Mariamu aliyejitaabisha kwa ajili ya wenzake. Wengi katika orodha ile wana jina na sababu ya kutajwa.

Jibu langu kwa sehemu ya pili linatoka hapo hapo: heshima itaje kazi. Hafla nilizohudhuria nyingi hazitaji. Mshereheshaji anasoma, "kwa kutambua mchango wake mkubwa katika maendeleo ya jamii," na maneno hayo unaweza kuyahamisha kutoka cheti hiki hadi kile bila mtu kushtuka. Mama ambaye miaka yote amekuwa akiwaogesha wagonjwa wasio na ndugu anasomewa sentensi ile ile aliyosomewa tajiri aliyetoa viti. Anapanda jukwaani, anapeana mkono na mgeni rasmi, anageuzwa aelekee kamera, anashuka. Huku nyuma watu wanaulizana: kwani huyu kafanya nini?

Inapofika zamu ya jumuiya za dini, ugumu unazidi. Usharika ukitunukiwa, anayesimama ni mchungaji. Msikiti ukitunukiwa, ni imamu au mwenyekiti wa kamati. Ngao inakwenda kukaa ofisini kwake. Sisemi viongozi ni wezi wa sifa, maana baadhi yao huona haya kweli kweli kuipokea. Lakini tuulizane, huduma hiyo inafanywa na nani? Yuko anayeshika funguo na kufungua mlango kabla ya wengine kuamka. Yuko anayejua ni mzee gani hajaonekana wiki hii, na kwake ni wapi. Yuko anayebaki kuosha masufuria watu wakishatawanyika. Katika hadithi za Mtume yumo mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kwa kuona si jambo kubwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba haonekani, akaulizia, akawalaumu kwa kutomwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia pale. Mfagiaji!

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka Ufaransa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa Le Chambon-sur-Lignon, wengi wao Waprotestanti, waliwaficha Wayahudi waliokuwa wakisakwa. Mchungaji wao, André Trocmé, alitunukiwa na Yad Vashem, taasisi ya Israel inayowaenzi wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Haikuishia kwake. Mwaka 1990 taasisi hiyo ilitoa hati ya heshima kwa wakazi wa kijiji kile na vijiji jirani kwa pamoja. Naona walifanya sawa. Mahubiri yanaweza kumtia mtu ujasiri, lakini mtoto anayesakwa hufichwa na mwenye nyumba.

Halafu kuna koti la Henry Cadbury. Mwaka 1947 Tuzo ya Amani ya Nobel ilikwenda kwa Waquaker, yaani Wakristo wa kundi liitwalo Marafiki, kupitia mashirika yao mawili ya huduma, moja la Uingereza na jingine la Marekani. Cadbury aliliwakilisha lile la Marekani huko Oslo. Sherehe ilidai koti rasmi lenye mikia, naye hakuwa nalo, basi akaazima moja kwenye ghala la nguo ambazo shirika lake lilikusanya kwa ajili ya misaada. Linganisha na vikundi vyetu vya kujitolea, ambavyo vikialikwa kutunukiwa huambiwa vije na kwaya, vishone sare, vikodi gari. Fedha ya wahitaji inaishia kwenye hafla ya kuwasifu wanaowahudumia wahitaji.

Heshima zinazogawiwa kampeni za uchaguzi zikikaribia nazipita. Kila mtu anajua ni za nini.

Nani apendekeze majina? Ningependa jumuiya yoyote ya dini isiruhusiwe kujipendekeza yenyewe. Ipendekezwe na majirani wasioswali wala kusali humo. Jirani wa dini nyingine akisema, "Hawa walitusaidia sisi tusio wao," huo ni ushahidi wa kutosha. Waliohudumiwa nao waulizwe, ila waulizwe faraghani. Msimpandishe mgonjwa jukwaani aeleze alivyosafishwa vidonda ili mfadhili apigiwe makofi.

Na jarida lenu likiamua kuanza orodha yake, fomu iwe fupi. Ondoeni nafasi ya wasifu, vyeo na elimu ya mteuliwa. Wekeni swali hili tu: huyu asipofika wiki ijayo, ni kazi gani itakayolala, na nani atakuwa wa kwanza kuligundua hilo? Huyo wa kwanza kugundua ndiye mmwombe aandike maneno ya cheti.