Kijana wa kinu cha upepo: anza na kitabu, filamu ifuate

Wengi wanaofungua The Boy Who Harnessed the Wind huwa wameshasimuliwa: kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa ada akajenga kinu cha upepo cha kufua umeme kwa vyuma chakavu. Wanasoma wakikisubiri kinu, hawakioni, wanakata tamaa njiani. Usikisubiri. Ujenzi hauanzi mpaka umevuka nusu ya kitabu, na yale yaliyotangulia, hofu ya uchawi kijijini, biashara ya tumbaku, kisha njaa ya 2001 na 2002, ndiyo yanayokipa kinu uzito wake.

Kabla ya kulipa, hakikisha toleo. Jina hilohilo liko kwenye vitabu vitatu. Cha 2009, alichoandika William Kamkwamba pamoja na mwandishi wa habari Bryan Mealer, ndicho kamili. Cha 2012 ni cha picha, kwa watoto wadogo. Cha 2015 kimerahisishwa kwa ajili ya wanafunzi. Ukinunua mtandaoni au kwenye mitumba, angalia mwaka na idadi ya kurasa. Kamili kina kurasa zipatazo 300. Anayelalamika kwamba mbona ni chepesi hivi, mara nyingi ameshika cha 2015.

Kurasa 30 kwa siku zinatosha, isipokuwa sura za njaa. Hizo zisome mfululizo, kwa vikao viwili au vitatu. Mwandishi anaionyesha njaa kwa chakula kinavyopungua: unga, kisha mlo mmoja tu wa usiku, kisha matonge ya kuhesabu, huku sokoni watu wakigombania pumba za mahindi. Ukiweka kitabu pembeni wiki nzima katikati ya sura hizo, huusikii tena ule upungufu, unabaki na habari tu kwamba kulikuwa na njaa.

Ukifika kwenye ujenzi, chukua karatasi na penseli uchore, maana hapo ndipo wasomaji wengi wanarukaruka. Feni ya trekta inakaa katikati. Mabomba ya PVC yanapashwa moto, yanakandamizwa yawe bapa, yanakuwa mapanga ya kuushika upepo. Shokapu inakuwa ekseli. Inazungusha gia ya pedeli kwenye fremu ya baiskeli, mnyororo unazungusha gurudumu la nyuma, na gurudumu linasugua dainamo, kile kifaa kidogo cha baiskeli kinachofua umeme kikizungushwa. Baiskeli haikuchaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo tu: gia ya pedeli ni kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mapanga unakuwa zaidi ya mmoja kwenye gurudumu, na dainamo bila kasi haiwashi kitu. Drili hakuwa nayo, akachomeka msumari kwenye gunzi la mahindi, akaupasha moto mpaka ukawa mwekundu, akatobolea plastiki. Washa, yale mabati madogo ya duara yanayokaa chini ya nati, zilikuwa vizibo vya chupa za bia. Swichi alitengeneza kwa mpira wa ndala. Ukishayaona haya kwa mchoro wako mwenyewe, filamu haitakupita haraka.

Filamu ni ya Netflix, ya 2019, dakika 113. Aliyeiongoza ni Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anacheza kama baba, Trywell. William anachezwa na Maxwell Simba, kijana Mkenya. Ilipigwa Malawi, na wahusika wanachanganya Kichewa, lugha ya Malawi, na Kiingereza. Bakiza sauti ya asili, washa maandishi ya chini. Ukichagua sauti iliyotafsiriwa unapoteza mengi, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili anapenya mwenyewe kwenye Kichewa: njala ni njaa, mphepo ni upepo.

Sasa jambo linalowakwaza wasomaji zaidi ya yote. Kwenye filamu kinu kinavuta maji, shamba linanyweshwa, na familia inaokoka. Kitabu kinasema vingine: njaa iliisha mvua ziliponyesha na mavuno mapya yakaiva. Kinu kikaja baada ya hapo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha balbu. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Naelewa kwa nini mtunzi wa filamu aliunganisha. Saa mbili zinadai tatizo moja na jibu lake. Lakini anayetazama filamu peke yake anaondoka akiamini kwamba mashine ilimaliza njaa, na hilo si kweli.

Dainamo nayo imehamishwa. Kwenye filamu inatoka kwa mwalimu anayempenda Annie, dada yake William. Kwenye kitabu ni Gilbert, mwana wa chifu na rafiki yake, aliyetoa kwacha 200 papo hapo kumnunulia ile waliyoiona kwenye baiskeli ya mtu. Kwangu tukio la kitabu lina nguvu zaidi, kwa sababu halina hesabu yoyote nyuma yake. Baiskeli ya baba vilevile: kwenye filamu ni mali ya thamani inayozua ugomvi mkali, kwenye kitabu ilikuwa mbovu tayari na baba alikubali baada ya kubembelezwa. Ejiofor ameucheza ule ugomvi vizuri mno, ila usimbebeshe Trywell halisi hasira za kwenye filamu.

Acha siku mbili tatu kati ya kitabu na filamu, la sivyo utakaa unahesabu kilichokosekana. Watoto wadogo wape kitabu cha picha, kwani kwenye filamu chifu anapigwa na nafaka inaporwa. Baada ya hapo tafuta hotuba fupi ya Kamkwamba ya Juni 2007, kwenye mkutano wa TED, wa hotuba fupi zinazorekodiwa na kuwekwa mtandaoni, uliofanyika Arusha, ambapo dunia ilimsikia kwa mara ya kwanza. Filamu ya kumbukumbu ya 2013, William and the Windmill, iache iwe ya mwisho: inamfuata akiwa tayari mashuhuri na anasoma Marekani, na ukianza nayo utajua mengi mno mapema.