Sarafu ya kigeni ufukweni: isome kabla ya kuitia koponi

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na kopo moja kubwa la bati. Kila sarafu ya kigeni iliyotoka mchangani niliitumbukiza humo, nikaendelea kutembea na mashine yangu ya kugundua metali. Siku nilipolimwaga mezani nilisikitika kweli. Sarafu zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata moja niliyoweza kusema ilitoka sehemu gani ya ufuo, kina gani, wala bahari ilikuwaje siku hiyo. Sarafu nilikuwa nazo, habari zake nilizipoteza mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu wengi wanaoanza kutafuta kwa kigunduzi cha metali wanaiona sarafu ya kigeni kama takataka yenye sura nzuri. Mimi leo naihesabu kuwa miongoni mwa vitu vyenye manufaa zaidi kutoka mchangani, kwa kuwa inakuambia uko kwenye mchanga wa lini.

Chukua sarafu za Ulaya. Noti na sarafu za euro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002 katika nchi 12, na kufikia mwisho wa Februari mwaka huo pesa za zamani za nchi hizo, kama marki, faranga, lira na peseta, hazikununua tena kitu dukani. Msafiri habebi mfukoni pesa isiyofanya kazi. Kwa hiyo marki iliyo mchangani, kwa uwezekano mkubwa, ilidondoka kabla ya hapo.

Hilo nililielewa asubuhi moja baada ya upepo wa siku tatu. Bahari ilikuwa imekata ufuo, ikaacha ukingo wa mchanga uliosimama kama ukuta, unaofika magotini. Chini ya ukuta ule, katika eneo dogo ambalo ningelimaliza kwa hatua ishirini, nilipata marki 1 ya Ujerumani, faranga 1 ya Ufaransa na lira 200 ya Italia. Hapakuwa na sarafu mpya hata moja, wala kisoda cha juzi. Zamani ningezitia koponi na kusonga mbele. Safari hii nilisimama. Sarafu tatu za pesa zilizokufa mahali pamoja maana yake bahari imefunua tabaka la zamani, na tabaka hilo litafunikwa tena mchanga ukirudi. Nilibaki palepale hadi maji yakaanza kujaa, nikatoka na pete mbili za fedha zilizokuwa nyeusi tii. Ningefuata mazoea ya kuzunguka ufuo mzima, nisingezipata.

Basi ushauri wangu wa kwanza: ukipata sarafu isiyotumika tena, punguza mwendo. Pita juu ya eneo hilo mara mbili, ya pili ukikata njia ya kwanza, na sahani ya mashine, ile sehemu ya chini inayohisi metali, iwe karibu na mchanga, sambamba nao. Nenda maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maana ndipo maji yanarudi mbali zaidi na kuacha mchanga ambao siku nyingine huufikii.

Mchanga mkavu hausumbui sana. Shida ni ule uliolowa maji ya chumvi, kwa sababu maji hayo yanapitisha umeme na mashine inayasikia kama metali. Mashine ya masafa moja, yaani inayotuma wimbi la aina moja tu, hulia ovyo pale. Ipunguzie usikivu, au tumia mashine ya masafa mengi, au ile inayofanya kazi kwa mapigo ya umeme. Na usizitegemee sana namba za kwenye kioo zinazokisia umepata kitu gani. Mara nyingi zimepangwa kwa kufuata sarafu za nchi chache, hivyo sarafu ya kwingine huangukia penye namba ya taka. Sarafu za aloi ya shaba na nikeli, kama senti 5 ya Marekani, hutoa mlio wa karibu sana na ule wa kishikio cha kopo la soda. Pete nyembamba ya dhahabu nayo iko hukohuko. Ukiiamuru mashine inyamazie vishikio, umenyamazisha na hizo. Ufukweni mchanga ni laini, kuchimba ni kazi ya dakika moja. Chimba kila mlio, kisha fukia shimo, kwani watoto hukimbia hapo.

Kabla ya yote hayo, uliza sheria ya mahali. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ufaransa inataka kibali cha serikali kwa anayetumia kigunduzi kutafuta vitu vya kale. Uingereza ina Sheria ya Hazina ya 1996, inayompa mtu siku 14 kutoa taarifa za kitu kinachoweza kuhesabiwa kuwa hazina. Na ukifukua kitu kinachofanana na kombora au risasi kubwa, usikiguse. Ondoka, zuia watu wasisogee, ita polisi.

Sasa kuisoma sarafu yenyewe, kazi ninayoipenda kuliko zote. Mgeni hukwama kwenye jina la nchi, kwa kuwa nchi nyingi hujiita kwa majina yao. Helvetia ni Uswisi, Suomi ni Ufini, Magyar ni Hungaria, Sverige ni Uswidi, Shqipëria ni Albania. Baadhi ya sarafu za euro hazina jina la nchi, ila upande mmoja wake ni wa taifa: kinubi ni Ayalandi, Mozart kwenye euro 1 ni Austria, bundi kwenye euro 1 ni Ugiriki.

Mwaka nao una mitego. Sarafu ya Thailandi yenye mwaka 2550 haikutoka siku zijazo. Toa 543, unapata 2007. Sarafu ya Iran yenye 1370, ongeza 621, ni 1991. Sarafu za Japani huhesabu mwaka wa utawala wa mfalme: enzi ya Showa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018.

Niliyohangaika nayo zaidi ni yen 5. Ilitoka ikiwa na tundu katikati lililozibwa na mchanga mgumu, rangi yake kahawia iliyokolea, bila tarakimu hata moja ya kawaida. Nilipoizibua taratibu kwa kijiti cha mbao nikaona suke la mpunga limeinama juu ya tundu, na meno ya gurudumu la mashine yamelizunguka. Thamani na mwaka vyote vimeandikwa kwa herufi za Kijapani. Ilikuwa Showa 53, yaani 1978. Wajapani wengi huitoa sadaka hekaluni kwa kuwa jina lake, go-en, linasikika kama neno la uhusiano mwema. Kuna mtu aliibeba safari yote hiyo.

Unapokwama, pima kipenyo na uzito, jaribu sumaku, halafu linganisha na orodha ya Numista kwenye intaneti. Sumaku inasaidia kuliko inavyoonekana: peni 1 na 2 za Uingereza zilikuwa za shaba hadi zilipogeuzwa kuwa chuma kilichopakwa shaba mwaka 1992, na hizi za baadaye hunaswa.

Kusafisha ndiko kunakoharibu sarafu nyingi. Niliwahi kuisugua sarafu ya fedha kwa brashi hadi ikang'aa, na sura ya mfalme ikabaki kivuli. Chembe za mchanga ni kama msasa. Usisugue, usitumie asidi. Loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, badilisha kila siku kwa wiki kadhaa, maana chumvi iliyojificha ndani huendelea kuila shaba hata sarafu ikiwa kabatini, na utaiona kwa unga wa kijani. Senti 1 za Marekani za baada ya 1982 zina zinki ndani; ukizikuta zimetoboka, ziache zilivyo.

Yen yangu ilikaa majini wiki tatu. Ikikauka niliitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake nikaandika: hatua 40 kutoka ngazi, kina cha kiganja kimoja, asubuhi ya bamvua, mchanga mwembamba juu ya changarawe.