Maswali na Majibu: "S" Inayochoma Masikio

SWALI: Hamjambo wataalamu. Nasoma vitabu vya kusikiliza na narekodia chumbani kwa maiki ya kondensa, mdomo ukiwa kama sentimita 7 kutoka kwenye maiki. Kila penye s, sh au z panachoma masikio. Nimepunguza trebo (sauti kali za juu), lakini sasa nasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hatujambo. Kwanza rudisha trebo ilipokuwa. Ukikata kwa ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha sauti nzito au nyembamba, unakata muda wote, ilhali s moja hudumu kama sehemu ya kumi ya sekunde; irabu zote zinaumia bure. Mkwaruzo wa s hukaa hasa kati ya kilohezi 5 na 8, kwa wanawake mara nyingi juu kidogo kuliko kwa wanaume. Maiki nyingi za kondensa, hasa za bei nafuu, huinua masafa (kiwango cha wembamba wa sauti) hayohayo ili sauti ing'ae. Ukiikaribia na kuielekea moja kwa moja, hewa kali inayopita kwenye meno yako inaingia yote.

Dawa kubwa ni mahali pa maiki. Sogea nyuma hadi sentimita 15 au 20, karibu shubiri moja, kisha iweke kando ya mdomo kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, pumzi ipite pembeni yake. Usirudi nyuma zaidi ya hapo, maana mwangwi wa kuta utaanza kusikika. Rekodi "Sasa Saumu anasafisha sahani sita za shaba" kwa pembe tatu tofauti, usikilize kwa hedifoni, uchague. Ukipenda, funga penseli wima mbele ya kapsuli (sehemu ya maiki inayonasa sauti) kwa mpira. Hugawa pumzi na husaidia kidogo.

Kinachobaki kimalizie kwa diesa, yaani programu inayobana masafa ya juu pale tu s inapotokea. Anzia kilohezi 6, sogeza polepole hadi ikamate s yako. Kama ina kitufe cha kusikiliza kinachokatwa, kiwashe: ukisikia irabu humo, umeshuka mno. Punguza desibeli 3 hadi 6, basi. Wengi huharibu hapa. Ukibana kupita kiasi, s hulegea ikawa kama th, na fundi wa "samani" anageuka fundi wa "thamani". Msikilizaji wa kitabu hana maandishi mbele yake ya kumsahihishia.

Angalia pia mpangilio. Kompresa, yaani programu inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, hubana irabu zenye nguvu, na unapoongeza sauti baada ya hapo, s hupanda nayo. Weka diesa kabla ya kompresa. Ikibidi, weka nyingine nyepesi baada yake. Tangazo la sekunde 30 halihitaji hata diesa: kuza picha ya wimbi, tafuta s (huonekana kama brashi nene isiyo na mawimbi yanayojirudia), ichague na kuishusha desibeli 4. Kwa sura nzima ya kitabu kazi hiyo inachosha mno.

Usihukumu kwa faili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. Mbano huo wenyewe hukwaruza s. Sikiliza WAV, faili isiyobanwa.

SWALI: Popu filta (kichujio cha kitambaa mbele ya maiki) ninayo, mbona p na b bado zinapiga kishindo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda imegusana na maiki. Pumzi ya p inahitaji nafasi ya kutawanyika ikishapita kwenye kitambaa: acha sentimita 5 hadi 10 kati ya popu filta na maiki. Inua maiki ifike usawa wa pua, ikitazama mdomo kwa chini, kwa kuwa pumzi ya p huenda mbele. Kisha kata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Kishindo kinachosalia, chagua p hiyo peke yake na ukate hadi hezi 150. Ukifanya hivyo kwenye rekodi nzima, sauti nzito itapoteza kifua chake.