Texas: mkigawa mshahara, gaweni na kodi iliyokatwa

Dada, umesema mnaishi Houston, mumeo anapata dola 80,000 kwa mwaka na amekatwa kodi ya serikali kuu 9,000. Wewe unapata 40,000, umekatwa 3,000. Mnataka kufaili ripoti ya kodi ya mwaka kila mtu kivyake, ili malipo ya mkopo wako wa chuo yapimwe kwa pato lako tu, na mumeo anashikilia kwamba kila mmoja abaki na tarakimu za W-2 yake, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Kwa Texas haiendi hivyo.

Hapa mshahara wa yeyote kati yenu, tangu siku ya ndoa, ni wenu wote nusu kwa nusu. Kila mmoja ataandika 60,000. Makato, yaani kodi iliyokwisha kukatwa, nayo yanafuata mshahara: jumla ni 12,000, kila mmoja adai 6,000. Mtayarishaji wa ripoti za kodi wa kwanza tuliyempelekea karatasi zetu sisi aligawa mishahara vizuri, kisha makato yote ya mume wangu akamwachia yeye. Kwa hesabu ile, mume wangu angerudishiwa hela nzuri na mimi ningedaiwa kodi ya mshahara ambao makato yake sikupewa. Tulikataa, tukatafuta mwingine.

Mgawanyo wenyewe unaonyeshwa kwenye fomu 8958. Kila mmoja aijaze na kuiambatanisha, na tarakimu zenu zilingane kabisa. Msiiache! IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wana nakala ya W-2 yako inayosema 40,000 na 3,000. Ukiandika 60,000 na 6,000 bila fomu hiyo, tegemea barua.

Kodi ya makadirio ya kila robo mwaka, ile mtu anayoilipa mwenyewe kwa pato lisilokatwa kodi, ina utaratibu wake. Mkiilipa kwa pamoja, mnaigawa mnavyokubaliana. Aliyeilipa peke yake kwa jina lake anaidai yeye tu. Na kama mumeo ana nyumba ya kupangisha hapo Houston aliyoinunua kabla hajakuoa, nyumba ni yake lakini hela ya pango inagawanywa. California si hivyo, kwa hiyo usifuate ushauri wa ndugu aliyeko Los Angeles.

Sasa huo mkopo. Ukifaili kivyako Texas, pato lako kwenye fomu linapanda kutoka 40,000 hadi 60,000, na malipo ya mkopo yanayopimwa kwa pato huangalia hapo. Tena mmoja wenu akiorodhesha matumizi yake binafsi yanayopunguza pato la kutozwa kodi, mwingine hapati lile punguzo la kawaida, yaani kiasi maalumu kinachotolewa kwenye pato bila kuorodhesha chochote. Pigeni hesabu zote mbili, ya pamoja na ya kutengana, mkiweka na malipo ya mkopo ya mwaka mzima, kabla hamjatuma chochote.