Gari imelala miezi minane Nyegezi, mashine "haisomi", eti kontroboksi imekufa

SWALI: Habari fundi. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A. Nilihamishiwa kikazi Nansio nikaiacha nyumbani Nyegezi, Mwanza, miezi minane, tenki robo. Shemeji alikuwa anaiwasha kila asubuhi dakika tano. Sasa nimerudi, inawaka lakini inatetemeka sana ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), nikikanyaga mafuta inakohoa kwanza ndo inachukua, na nyuma inanuka petroli. Nimeweka plagi mpya, bado. Fundi mmoja kachomeka kamashine ka kwenye simu kakagoma kusoma, akasema kontroboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa niandae laki nne na nusu. Nitoe?

JIBU: Usitoe hata mia kaka. Na kama boksi lenyewe ameshalifungua, mwambie alirudishe leo leo kabla hajaanza kuchokonoa ndani na chuma cha kuchomelea risasi.

Hili la "mashine haisomi" linaniumiza kuliko yote, maana kila wiki naletewa gari ya aina hiyo kutoka Igoma, Buzuruga, Kisesa huko, mtu ameshakamuliwa hela ya boksi la mtumba na gari bado inatetemeka vilevile. Sikiliza. Vile vimashine vidogo vya bluetuthi vinaongea lugha ya OBD2, yaani mfumo wa gari kuongea na mashine ya kupima. Marekani waliilazimisha kuanzia gari za modeli ya 1996, Ulaya gari za petroli kuanzia 2001. Corolla yako ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwaka 1998, haikulazimishwa kuijua hiyo lugha, na nyingi za umri huo hata ukikuta soketi inayofanana pale chini ya usukani bado hazijibu. Kwa hiyo kamashine kugoma kusoma maana yake hakaelewani na gari, basi. Ni kama umemuongelesha mtu Kisukuma haelewi, halafu unatangaza kwamba amefariki!

Boksi lako liko hai na nakupa ushahidi. Lenyewe ndo linaloamrisha nozo zipulize petroli na plagi zichome, likifa kabisa gari haiwaki, na yako inawaka. Pili, weka swichi on bila kupiga stata, ile taa ya cheki injini ikiwaka halafu ikazima baada ya injini kunguruma, boksi linafanya kazi. Boksi kufa nusu inatokea, nimeshakutana nayo kwenye gari zilizoingia maji, lakini hiyo ni ya mwisho kabisa kufikiria baada ya mengine yote kupimwa.

Na kupima yako hakuhitaji simu. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS juu ya kifuniko. Ndani kuna matundu yana majina. Injini ikiwa imezimwa unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka swichi on, halafu unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililorekodiwa. Ikikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu kisha moja ni 31, ile sensa ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye injini. Soma maandishi vizuri usije ukaunganisha tundu la +B na E1, hapo utachoma fyuzi au waya, ndo utakuwa umejitafutia ugonjwa mpya.

Sasa ugonjwa wako wenyewe. Gari ikilala, kinachooza ni vile vitu vinavyolala, na cha kwanza ni petroli. Zile sehemu nyepesi zinazowaka haraka zinapaa taratibu, inayobaki inakuwa nzito na inaacha utando kama gundi kwenye nozo. Halafu tenki lako lilikuwa robo, robo tatu yote hewa, na hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu, usiku ikipoa ule unyevu unageuka jasho ukutani mwa tenki unatiririka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na pampu inanyonya chini hukohuko. Chota petroli yako kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iache itulie nusu saa. Ukiona mstari na kitu kinachezacheza chini, ni maji. Ukiona rangi imegeuka kama chai na harufu kali ya rangi za kupaka, imechacha. Kwa vyovyote vile imwagwe yote, filta ibadilishwe, uweke mpya hata lita 10. Injini ikiwa baridi, pasiwe na sigara wala moto karibu, msinyonye kwa mdomo, na jamani msimwage mtaroni maana mitaro ya Mabatini yote inaishia mto Mirongo na Mirongo unaishia ziwani tunakokunywa.

Hiyo peke yake inaponya nyingi. Ikibaki inatetemeka, fungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, ndani utakuta zile ncha zimeota ungaunga mweupe au kijani kwa unyevu, safisha, na kama kifuniko kina ufa weka kingine. Angalia waya kama panya hawajala, na mipira ya vakyumu kama haijapasuka. Ikiwa inatetemeka sailensi tu lakini ukipandisha inatulia, muulize fundi kuhusu ile valvu ya sailensi chini ya throto bodi, inaganda kwa uchafu, inasafishwa, haibadilishwi hovyo. Na eakilina, filta ya hewa, usiisahau, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanaijaza balaa.

Halafu mwambie shemeji, kwa upendo, zile dakika tano za kila asubuhi ndo zimeiumiza. Najua kila mtu anashauriwa hivyo. Injini ya baridi inamwagiwa petroli nyingi kupita kiasi ili iwake, ukiizima kabla haijapata moto ile ziada inalowesha plagi, nyingine inashuka kwenye oili. Na petroli ikiungua inazaa maji, lita 1 inatoa karibu lita 1 ya maji, kwenye safari yanatoka kama mvuke lakini kwa dakika tano yanabaki kwenye ekzosi na ndani ya injini. Betri nayo inatoa nguvu nyingi kwenye stata, hairudishiwi. Kwa hiyo hata plagi zako mpya huenda zimeshalowa, zitoe zikaushe. Bora uliyemwachia gari aitembeze nusu saa mara moja kwa wiki mbili, mpaka Usagara na kurudi, au aiache kabisa na betri imetolewa.

Na hapa ndo napotaka na wengine wanaosoma wasikie, maana najua mtego unaofuata. Utafungua kifuniko cha oili utakuta povu kama maziwa, kuna fundi atakwambia gasketi ya silinda hedi imeungua, tushushe hedi. Kwanza pima maji ya rejeta. Kama hayapungui na injini haichemshi, hilo povu mara nyingi ni ule mvuke wa dakika tano tano. Mwaga oili, weka mpya na filta, endesha siku mbili tatu uangalie tena. Nimeona hedi nzima zimeshushwa bure, zikarudishwa vibaya, na gari ikaanza kuvuja kweli.

Vivyo hivyo mtu akikwambia weka dawa ya nozo kwenye petroli iliyochacha, au changanya na mafuta ya taa kidogo "isafishe", ondoka hapo. Dawa haigeuzi maji kuwa petroli. Na fundi anayesema "tubadilishe hii tuone" muulize amepima nini, na ameona nini alipopima. Akikosa jibu, ujue anajifunzia kwa hela yako. Mlipeni fundi hela ya kupima, hata elfu ishirini thelathini, msione ni hela imepotea kwa sababu hajafunga kifaa kipya. Mafundi wazuri Nyakato wanaacha kupima kwa sababu wateja wanakubali kulipia spea tu.

Anza na chupa ya petroli kesho asubuhi. Ukishamwaga ikaendelea kutetemeka, chomoa plagi ya umeme ya nozo moja moja injini ikiwa inanguruma, ile ambayo ukichomoa mlio haubadiliki ndo silinda isiyofanya kazi. Niandikie ni ya ngapi kuanzia upande wa mkanda, na cheki injini imekonyeza ngapi, tutaendelea kuanzia hapo.